Mgonjwa Mwenye Kadi Shingoni

Ipo nchi moja ambayo ninyi hamjawahi kufika, kwa hiyo msisumbuke kuitafuta kwenye ramani. Inaitwa Jamhuri ya Pendeza. Barabara zake huwa hazina mashimo siku anayopita waziri, maji yake hutoka bombani siku za sherehe, na wananchi wake wote wana afya njema kwa sababu serikali ilishawatangazia hivyo redioni. Mkisikia humu jambo linalofanana na la kwenu, jueni limefanana kwa bahati mbaya tu. Kwenu mambo kama haya hayawezi kutokea.

Katika mji mkuu wa Pendeza palikuwa na Hospitali ya Huruma. Ilijengwa zamani kwa ajili ya watu wasio na chochote, na juu ya lango lake yalichongwa maneno haya: ASIYE NA KITU HALIPI KITU. Maneno mengi yaliyoandikwa juu ya malango ya serikali ni ya kupendezesha ukuta, lakini haya yalikuwa ya kweli. Maskini alipokelewa, akatibiwa, akanyweshwa uji, na siku ya kuruhusiwa manesi walimsindikiza mpaka langoni wakimwimbia wimbo wa kupona.

Mama mmoja wa mji huo, jina lake Sikudhani, aliujua wimbo huo. Miaka ile yeye na mumewe walipokuwa wanalalia mkeka, alijifungulia pale binti yao wa pekee, Pulkeria, aliyezaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi cha kulala ndani ya kofia ya baba yake. Walikaa pale mpaka mtoto akashika uzito, kisha wakatoka wakiimbiwa, mumewe akiwa amemkumbatia mtoto huku akilia bila kujificha. Hakuna aliyewadai hata sabuni.

Shida ilikuwa moja. Kila mwaka hospitali iliomba fedha serikalini, na kila mwaka serikali ilileta hotuba. Mkurugenzi wa Huruma, Profesa Mng'anya, mzee mwenye huruma nyingi na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuvaa kwenye mikutano, alikesha akifikiri jinsi ya kununua bandeji kwa hotuba. Mwishowe akagundua kwamba kuna kundi moja la watu katika Pendeza ambalo halikuhitaji huruma yake: wenye bima. Watu hao, alisema, walikuwa wameshahurumiwa na kadi zao.

Akaamuru maskini waendelee kutibiwa bure kama zamani. Mwenye bima yeye atozwe kitanda chake, kitanda cha kulia kwake, kitanda cha kushoto kwake, na taa ya ukumbini ambayo ilimmulika alipokuwa akipitishwa. Mashirika ya bima yakaja mbio kuomba wakubaliane bei. Profesa akakataa kutia saini mkataba na shirika lolote. Mkataba, alieleza kwa sauti ya upole, huiwekea huruma mipaka.

Basi ikawa hivi. Hospitali ilidai ilichoona kinafaa, bima ililipa ilichoona kinafaa, na kilichobaki katikati kiliitwa "cha mgonjwa." Mpaka cha mgonjwa kilipwe, mgonjwa hatoki. Wenye kadi wakajengewa wodi yao, Wodi ya Waheshimiwa, yenye mapazia ya maua na kufuli upande wa nje.

Watu wa Pendeza si wazito wa kuelewa. Mtu akiugua, ndugu zake walimpitishia mkono mfukoni kwanza, ndipo wakatafuta gari. Nje ya lango la Huruma alikaa Mama Chausiku, muuza karanga, ambaye pamoja na karanga alihifadhi kadi za bima za watu kwenye kopo la maziwa, kama vile wengine wanavyohifadhi viatu vya waumini msikitini. Hospitali nayo haikulala. Ikaanzisha Idara ya Kupapasa, yenye manesi wa mikono laini waliomkaribisha kila mgonjwa kwa kumkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida.

*

Mwalimu Telesphory, mume wa Sikudhani, hakuziamini habari hizo za kadi. Alikuwa mwalimu wa kuimba katika shule ya msingi, na alikuwa na imani na vitu vyote vyenye nembo ya taifa. Siku alipopewa kadi yake ya Shirika la Bima ya Faraja aliipeleka ikatiwe nailoni, akaitoboa, akaitia utepe wa rangi za bendera, akaivaa shingoni. Aliingia nayo darasani, akaingia nayo kanisani. Alilala nayo. Sikudhani alizoea kuamshwa na kona ya kadi ikimchoma begani.

Washenga wa Barnaba walipokuja kumposa Pulkeria walikuwa wamejiandaa kubishana mahari mpaka jua lizame. Mwalimu hakutaja mahari. Alitaka kujua kama kijana ana bima.

Mshenga alieleza kwamba Barnaba ni mfugaji, ana kuku wengi, na kuku wote wamechanjwa.

"Kuku wamechanjwa," alisema Mwalimu. "Na yeye?"

Washenga wakatazamana. Mwalimu akaishika kadi yake kama padri ashikavyo msalaba, akatamka kwamba siku ya ndoa ataushika mkono wa binti yake, kama alivyoushika siku alipozaliwa, lakini hatauweka mkononi mwa mtu asiye na bima. Barnaba, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, aliinamisha kichwa. Sikudhani alimwonea huruma kijana yule. Alimfungia maandazi ya njiani.

Siku ya ndoa ikapangwa, Jumamosi, uwanjani pa shule, na kijana akapewa mpaka siku hiyo awe na kadi. Katika ukoo wa Mwalimu, binti hukabidhiwa na baba yake akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Baba asipokuwapo, hukabidhi kaka mkubwa wa baba huyo. Kaka mkubwa wa Mwalimu alikuwa Gaudensi, mtu ambaye tangu utotoni alimaliza kila alichoanzisha mdogo wake, kisha akasimulia kuwa alikianzisha yeye. Sikudhani alijua kwamba Gaudensi akiushika mkono wa Pulkeria, habari hiyo itasimuliwa kwenye kila msiba na kila kipaimara mpaka mwisho wa dunia.

Na wiki hiyohiyo ya ndoa, Mwalimu akaanguka.

*

Alikuwa akifundisha watoto wimbo wa kumkaribisha Waziri wa Afya, aliyetarajiwa kuja kuzindua Wiki ya Bima. Sauti ya pili ilikuwa inachelewa. Mwalimu alipanda juu ya dawati ili waione mikono yake vizuri, akaipandisha sauti ya kwanza, akaishusha ya tatu, akajigeuza kuikaripia ya pili, na dawati likamwachia. Mguu ukavunjika chini ya goti.

Sikudhani alipofika hospitali mbio, kitenge kimoja mkononi na kingine kiunoni, alikutana na Mama Chausiku langoni, kopo limefunguliwa tayari.

"Nilimwita, mama Pulkeria," Mama Chausiku alimwambia. "Nilimwambia, Mwalimu, niachie hiyo kadi. Akanyanyua shingo kwenye machela ili niione vizuri."

Ndani, manesi wa Kupapasa walikuwa wamesimama pembeni, mikono imelegea. Hawakuwahi kupata mgonjwa wa namna ile. Walieleza kwamba kabla hajasema mguu unauma, Mwalimu alisema ana bima. Kabla hawajamgusa alikuwa ameisoma namba ya kadi kwa sauti, mara mbili, kwa madaha ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Mguu ulifungwa plasta vizuri sana, maana madaktari wa Huruma walikuwa hodari. Kisha akasukumwa taratibu mpaka Wodi ya Waheshimiwa, na kufuli likafungwa.

Jirani yake wa kitandani alikuwa Bibi Nyamizi, ajuza mwembamba, mwenye ulimi ambao haukuwa na ugonjwa wowote. Yeye hakuwa na kadi ya shirika. Alikuwa na Kadi ya Wazee, ambayo serikali humpa kila mwananchi anayefikisha umri wa kusahaulika. Kadi hiyo ililipa gharama zote za mzee aliyelazwa. Ila Bibi Nyamizi, kwa mujibu wa hospitali, hakuwa amelazwa.

"Si umelala hapo, bibi?" Sikudhani aliuliza.

"Nimelala, sijalazwa. Naangaliwa tu." Bibi alijigeuza upande wa pili ili aangaliwe vizuri. "Nimekuja mvua za kwanza, sasa watu wanavuna. Kila asubuhi kijana anakuja pale mlangoni, ananiangalia, anaandika kwamba ameniangalia, anaondoka. Kuangaliwa Kadi ya Wazee hailipi. Kwa hiyo nalipa mwenyewe. Na macho ya yule kijana ni ghali."

Mwalimu alimtuliza mkewe. Alisema ni suala la utaratibu tu, shirika lake lingelipa, na Jumamosi angekuwa uwanjani. Sikudhani akamtazama alivyolala, kadi juu ya kifua ikipanda na kushuka pamoja na pumzi zake, akamvutia shuka mpaka kifuani.

*

Shirika la Bima ya Faraja lilimtuma Bwana Lukelo, kijana mwenye tai na tabasamu lililopigwa pasi. Alimpa Mwalimu pole za shirika zima, kuanzia mwenyekiti wa bodi mpaka mlinzi wa usiku. Kisha akafafanua kwamba Faraja hulipia kuanguka. Lakini dawati Mwalimu alilipanda kwa hiari yake, na kupanda hakumo. Hivyo shirika lingelipia nusu ya chini ya safari, kuanzia mahali dawati lilipomwachia mpaka sakafuni.

Hospitali ikahesabu kivyake. Ilikuwa imemwandikia Mwalimu kitanda chake na cha Bibi Nyamizi, na kwa kuwa upande wa kushoto hapakuwa na kitanda bali dirisha, aliandikiwa mandhari. Kilichobaki katikati, cha mgonjwa, kilikuwa kirefu kuliko mshahara wa mwalimu wa kuimba hata angeimba mpaka astaafu.

Jioni hiyo Gaudensi alikuja kumwona mdogo wake. Alileta chungwa moja. Alisema kwa masikitiko kwamba ameshakodi suti, kwa tahadhari tu.

Alipotoka, Mwalimu aliliweka chungwa kando. Kisha akamwomba mkewe amnyooshee mkono. Akaushika, akaubeba taratibu hewani, akauweka juu ya shuka, upole upole, kama mtu anayeweka yai. Alikuwa akifanya mazoezi. Sikudhani alitoka wodini haraka, akalilia kwenye karanga za Mama Chausiku.

"Sikiliza, shoga," Mama Chausiku alimwambia, akimpangusa kwa ncha ya khanga. "Mumeo hatoki mle akiwa na kitu. Mfanye maskini."

*

Ili mtu atambuliwe kuwa maskini katika Pendeza, haitoshi kuwa maskini. Umaskini lazima ukaguliwe nyumbani kwake na Afisa Umaskini wa wilaya, Bwana Kachecheba, mtumishi mwangalifu aliyeapa kutodanganywa. Sikudhani alikwenda ofisini kwake, akapewa miadi ya kesho yake asubuhi.

Nyumba yao haikuwa ya kitajiri. Ilikuwa na makochi ya mbao yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, redio nzuri, na kabati la vioo lenye vikombe visivyonywewa chai. Lakini haikuwa na umaskini wa kumwonyesha mgeni. Sikudhani akaitisha majirani. Aliwaomba wamtunzie vitu vyake, na kila mmoja amwazime kimoja kibovu: kiti kilichokatika, sufuria linalovuja, mkeka ulioliwa na panya. Majirani wakakubali kwa moyo mmoja. Mtaa ule ulikuwa bingwa wa kuazimana. Hakuna harusi iliyofanyika pale kwa viti vya mtu mmoja.

Walichukua makochi, redio na kabati. Alfajiri Sikudhani akawaachia ufunguo, akapeleka uji hospitali.

Hakuwa amefikiria jambo moja tu. Kila jirani, alipofika kwake na kuanza kuchagua kitu kibovu, aliwaza hivi: afisa anakuja, mtaa mzima utakuwa mlangoni ukichungulia, na watu wataulizana, ile ndoo ya kutoboka ni ya nani? Hakuna aliyetaka kuwa mwenye ndoo. Aliyeshika mkeka akaurudisha, akachukua zulia. Aliyeshika kiti akaona aibu, akachukua kochi. Walimwengu hawa walikuwa tayari kumsaidia Sikudhani kwa kila hali, isipokuwa kwa kuonekana hawana.

Sikudhani aliporudi alimkuta Bwana Kachecheba ameshaingia. Alikuwa amezama katikati ya kochi la mahameli, magoti yake yako usawa wa masikio. Mbele yake zilikuwepo televisheni tatu, mojawapo bado ina karatasi ya dukani. Kulikuwa na friji mbili zikinguruma kwa kupokezana. Saa ya ukutani ikafungua mlango mdogo, ndege wa mbao akatoka, akamsalimu afisa.

"Mama," Bwana Kachecheba alisema akiwa kulekule chini kochini, "nimeukagua umaskini tangu ujana wangu. Nimeukuta kwenye mabanda na kwenye magofu. Sijawahi kuukuta umekaa juu ya zulia."

Sikudhani alijaribu kueleza. Lakini kila alipotaka kusema hiki si changu, mwenye kitu alikuwa mlangoni anatabasamu kwa fahari, na ulimi ukamwia mzito.

Mtu mmoja tu alikuwa ameleta kibovu. Mzee Kilasara, mgane aliyeishi mwishoni mwa mtaa, alileta meza yenye mguu mmoja mfupi, ikiyumba hata ukiitazama tu. Alikuwa ameipiga msasa usiku kucha. Aliomba radhi mbele za watu kwamba hiyo ndiyo nzuri kuliko vyote alivyonavyo. Bwana Kachecheba aliizunguka meza ile, akaigusa, ikayumba, akaandika: samani za kale, za watu wenye asili.

Mchana huo taarifa ikafika Huruma kwamba Mwalimu Telesphory ni tajiri anayejificha. Wakamwongezea pazia la pili. Pazia nalo likaandikwa kwenye bili.

*

Ijumaa, Profesa Mng'anya mwenyewe alikuja Wodi ya Waheshimiwa, amevaa miwani ya mikutano. Upande wa pili wa kitanda alisimama Bwana Lukelo na tabasamu lake. Walikuja kuumaliza ubishi, na waliumaliza kwa kuuanza upya. Profesa alisema mguu ule umeponywa na Huruma, kwa hiyo ni wa Huruma mpaka ulipiwe. Bwana Lukelo alisema Faraja inautambua mguu kuanzia kwenye plasta kwenda chini. Walibishana juu ya tumbo la Mwalimu kwa heshima kubwa, kila mmoja akimwita mwenzake mheshimiwa.

Nje ya dirisha, lile la mandhari, Pulkeria alikuwa amesimama na nywele zimeshasukwa za kesho. Hakuruhusiwa kuingia kwa sababu Mheshimiwa aliruhusiwa mgeni mmoja kwa wakati, na mama yake alikuwa ameshaingia. Aliweka kiganja kwenye kioo. Baba yake hakuweza kukifikia.

Sikudhani alitazama kiganja kile. Akatazama kadi kifuani kwa mumewe. Likamjia wazo ambalo halikuwa kubwa, ni wazo la mama wa nyumbani anayejua kitu gani kimekwisha jikoni na tangu lini. Shuleni kwa mumewe chaki zilikuwa zimekwisha zamani. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu. Kila walipouliza, waliambiwa fedha za chaki zimekwama kwenye ofisi ile inayokata mishahara.

"Samahani, waheshimiwa," alisema. "Nina swali dogo."

Wakanyamaza, kwa adabu.

"Mwalimu hukatwa bima kila mwezi kwenye mshahara. Hicho anachokatwa, kwenu huwa kinafika?"

Tabasamu la Bwana Lukelo likakunjika kidogo pembeni. Alisema bila shaka kinafika, mama, serikali haiwezi kukosea. Akatoa simu kupiga ofisini ili amtoe mama wasiwasi. Akaitaja namba, akasubiri. Akaitaja tena. Akageukia ukuta, akaongea kwa sauti ya chini, akauliza tangu lini. Kisha akairudisha simu mfukoni taratibu.

"Hayupo," alisema.

"Nani hayupo?" aliuliza Profesa.

"Mwalimu. Kwetu hayupo. Hayupo tangu serikali ilipoanza kujenga uwanja wa mpira kwa makato hayo. Walimu wote hawapo." Alikohoa, na hapo akakumbuka kwamba habari hiyo kwa shirika lake ni njema, tabasamu likanyooka. "Kwa hiyo Faraja haidaiwi chochote. Hata ile nusu ya chini."

Profesa Mng'anya alivua miwani. Macho yake yalikuwa yamelowa. Lazima ieleweke kwamba alikuwa mtu mwema, na kwamba hakuna kilichomuumiza maishani kama kumtoza maskini.

"Mwalimu," alisema, akiinama kitandani, "unataka kuniambia wewe huna kitu?"

Mwalimu alikuwa ameinyanyua kadi, anaitazama mbele na nyuma, jinsi mtu anavyomtazama rafiki aliyeulizwa swali rahisi akashindwa kujibu. Miaka yote ile alikuwa amelala na kipande cha nailoni. Sikudhani akamkaribia, akaufungua utepe shingoni kwa mumewe, polepole. Chini yake palikuwa na mstari mweupe ambao jua halikuwa limeuona tangu kadi itolewe. Akaupangusa kwa kiganja.

"Hatuna kitu, Profesa," alijibu kwa niaba yake.

"Mungu wangu," alisema Profesa, "na tumemwekea mapazia mawili."

*

Kufuli lilifunguliwa jioni hiyohiyo. Bili ilichanwa mbele ya mashahidi pamoja na taarifa ya Bwana Kachecheba, maana Huruma haikumjua tajiri asiye na kadi, kwa masikitiko na kuombana radhi. Manesi wakajipanga ukumbini. Idara ya Kupapasa nzima ilikuja, na kwa mara ya kwanza walimkumbatia mgonjwa bila kumtafuta kitu.

Wakaanza wimbo wa kupona. Sikudhani aliuhisi ukimpanda kutoka miguuni, uleule wa miaka ile. Pulkeria alikuwa amemshika baba yake kwapa la kushoto. Alikuwa ameimbiwa wimbo huo kabla hajajua kusikia, sasa aliusikia. Walipofika katikati ya ukumbi Mwalimu akasimama, akainua gongo la kutembelea alilolishika mkono wa kulia.

"Sauti ya pili," alisema, "mnachelewa."

Manesi wakaanza upya, na akawaongoza kwa gongo mpaka langoni.

Nyuma ya msafara alitembea Bibi Nyamizi, amejifunga shuka ya hospitali begani kama lubega. Mlinzi akamzuia, akataka kumwona kwenye orodha ya walioruhusiwa. Hakuwemo. Akamtafuta kwenye orodha ya waliolazwa. Hakuwemo humo pia.

"Sasa bibi, wewe ni nani humu ndani?"

"Mimi nilikuwa naangaliwa. Wameshaniona."

Mlinzi alifikiri, akaona kwamba mtu ambaye hakulazwa hawezi kuzuiwa kutoka, akampigia saluti. Mama Chausiku akampa karanga za njiani, na Sikudhani akamkaribisha harusini.

*

Jumamosi, uwanjani pa shule, chini ya turubai, Mwalimu Telesphory alisimama. Gongo moja kwapani, mguu mmoja wake mwenyewe, na mmoja wa Huruma. Gaudensi alikaa mstari wa mbele ndani ya suti ya kukodi, akiutazama ule mguu kwa matumaini. Mguu haukumpa nafasi.

Barnaba alikuja mbele. Alikuwa amenyoa, amevaa koti linalombana, na shingoni, juu ya tai, alining'iniza utepe wa rangi za bendera. Mwisho wa utepe ilikuwepo kadi mpya ya Shirika la Bima ya Faraja, imetiwa nailoni. Alikuwa ameuza majogoo yake yote ili aipate, na hakuwa amemwambia mtu, hata Pulkeria. Alitaka iwe zawadi.

Turubai zima likavuta pumzi kwa hofu. Mama Chausiku, ambaye hatembei bila kopo lake, akalifungua.

"Baba," Barnaba alisema, "ulitaka niwe nayo. Ninayo."

Mwalimu akamtazama sana kijana yule. Sikudhani aliona mkono wa mumewe ukigusa shingo pale palipokuwa na mstari mweupe.

"Vifaranga wako hawajambo?" Mwalimu aliuliza.

"Hawajambo, Baba. Wale ni wazima. Wamechanjwa."

"Basi nilikosea swali siku ile. Nisamehe, mwanangu. Mtu anayewachanja kuku kabla hajajinunulia koti la kumtosha, mimi nilitaka kujua nini kingine?"

Akaushika mkono wa Pulkeria, akaubeba taratibu hewani, akauweka, upole upole, kama alivyofanya mazoezi. Gaudensi alipiga makofi kwa kuchelewa.

Ikaja keki. Waliiweka juu ya meza ya Mzee Kilasara, kwa kuwa Sikudhani aliikataa meza nyingine yoyote. Meza ikayumba. Keki ikaanza kuteleza, watu wakainuka, na Mwalimu akanyoosha mkono kwa mkwewe. Barnaba akaelewa, akavua utepe. Mwalimu akatoa na yake mfukoni. Sikudhani akapiga magoti, akazibananisha kadi mbili, ile ya bure na ile ya halali, akazisukuma chini ya mguu mfupi. Zilienea kama zilizopimwa.

Meza ikatulia. Bibi Nyamizi akainama, akaiangalia kwa makini, yeye aliyejua maana ya kuangaliwa.

"Haya," alisema. "Hatimaye bima imebeba kitu."

Barnaba hakuirudia kadi yake, na Mzee Kilasara hakuomba meza yake inyooshwe vinginevyo. Ndiyo maana Pulkeria alipojifungua, mikono ya manesi wa Kupapasa haikupata kitu mwilini mwake isipokuwa uchungu. Alitoka Huruma akiimbiwa, mtoto amelala ndani ya kofia ya babu yake. Mwalimu alitembea mbele, hana gongo tena, anawaongoza manesi kwa mikono miwili mitupu. Hakuwakaripia hata mara moja, ingawa sauti ya pili ilikuwa bado inachelewa.